Niliagiza cha kwanza, wakaniletea cha pili

Msinunue kwao. Naanza na hilo kabisa kwa sababu najijua, nikifika katikati nitaanza kulegea, na asiye na subira ya kufika mwisho angalau awe ameondoka na la maana. Jina la duka silitaji. Ila nyie mnaoagiza vitabu Dar kwa WhatsApp, mkiwahi kujibiwa jibu nitakalolitaja hapa chini mtajua ni wao.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima wa korosho. Msimu wa korosho ukiisha, kichwa changu kinabaki kama ghala lililokwishafagiliwa. Tangu mnada wa kwanza hadi wa mwisho ninachosoma ni namba tu: kilo, magunia, daraja la kwanza, la pili, makato, na huo mjengeko wa bei ambao mzee mmoja atataka nimweleze mara tatu, na ni haki yake. Msimu uliopita ulipokwisha nikajiapiza kwamba sasa nakaa na kitabu. Nikashika cha kwanza, ukurasa wa nne nikakilaza. Cha pili, ukurasa wa pili. Nikawa nasoma mstari, nafika mwisho, nimeusahau mwanzo.

Na mimi si mvivu wa kusoma. Riwaya za fantasia ni ugonjwa wangu tangu shule, tangu Shaaban Robert aliponikalisha chini na Adili wake anayewacharaza viboko manyani wawili usiku. Nilitaka kujua manyani wale wamemkosea nini. Sikulala mpaka nilipojua. Hamu ya namna ile ndiyo iliyokuwa imenikauka.

Orodha za mtandaoni hazikunisaidia. Zote zinakupeleka kwa wazee wale wale watatu, halafu zinakubwagia mfululizo wa majuzuu kumi, kila moja tofali la kuchoma. Wenzetu shida yao ni wingi. Mwaka 2022 Brandon Sanderson, yule Mmarekani, alitangaza kwamba ameandika riwaya 4 kimyakimya, wasomaji wake wakamchangia zaidi ya dola milioni 41. Mimi niko Chikongola, hapa Mtwara mjini, natafuta kitabu kimoja.

Nikabadili njia, nikaangalia washindi wa tuzo. Tuzo ya Hugo, ile ya hadithi za fantasia na za kubuni kisayansi, kipengele cha riwaya bora, mwaka 2016: N. K. Jemisin. Mwaka 2017: Jemisin. 2018: Jemisin tena. Vitabu vitatu vya hadithi moja, na kabla yake hakuna aliyewahi kuichukua miaka mitatu mfululizo. Mzigo wa shamba moja ukipata bei ya juu minada mitatu mfululizo, karani unainua kichwa kwenye daftari. Hadithi yenyewe iko katika bara ambalo wenyeji wake wanaliita kwa jina la utulivu na ardhi yake haitulii hata kidogo. Kila baada ya vizazi kadhaa linakuja janga, jua linazibwa na majivu, watu wanakufa njaa. Wapo wachache waliozaliwa na uwezo wa kuituliza hiyo ardhi, na hao ndio wanaochukiwa na kufugwa kama mbwa. Mama mmoja wa watu hao anarudi nyumbani, anamkuta mwanawe mdogo ameuawa na baba yake mzazi, na binti ametoroshwa.

Hapo nikafunga simu haraka, kwa sababu nilikuwa nimeshaonywa jambo moja. Kitabu cha kwanza, The Fifth Season, kina siri, na siri hiyo imefichwa katika jinsi hadithi inavyosimuliwa. Ukiijua kabla, ndiyo basi. Unaipata mara moja tu maishani.

Kumbukeni hilo. Mara moja tu.

Maduka ya hapa mjini niliyoyazunguka yana madaftari, vitabu vya kiada na vya dini. Nikawaandikia hao wa Dar. Nikaweka jina kamili, nikaandika "CHA KWANZA" kwa herufi kubwa, nikatuma na picha ya jalada. "Kipo dada, tuma na ya basi." Nikatuma, na ya kutolea juu, maana wenzetu makato huwa si yao. Siku mbili kimya. Ya tatu nikaambiwa mzigo umepanda basi.

Kutoka Dar mpaka Mtwara ni safari ya siku nzima: Kibiti, Daraja la Mkapa, Nangurukuru, Lindi, Mingoyo. Usiku ule nilikifuata kitabu changu kituo kwa kituo kichwani kama ninayemngoja mgeni. Asubuhi nikapanda boda hadi stendi. Mzee wa mizigo akanitolea boksi lililobanwa gundi pande zote.

"Spea ya pikipiki, mama?"

"Kitabu, mzee."

"Cha nini sasa, mpaka kufungwa hivi?"

Naomba haki itendeke: kufunga wanajua. Kona hata moja haikujikunja. Nikapasua gundi kwa ufunguo pale pale dirishani, huku natabasamu kama mjinga. Nikasoma jalada. The Obelisk Gate.

Cha pili.

Nikapiga simu nikiwa bado nimesimama.

"Kaka, mmeniletea cha pili. Niliagiza cha kwanza."

"Cha kwanza kimeisha, dada."

"Si ulisema kipo?"

"Kilikuwepo."

"Sasa kwa nini hukuniambia? Ukaona unitumie tu hiki?"

"Dada yangu, si hadithi za majini tu hizo? Anza na hicho hicho, huko mbele utaelewa."

Nikanyamaza. Nadhani alifikiri nimeridhika, maana akaongeza kwa sauti ya mtu anayetaka kupiga soga: "Kwani na nyie huko Mtwara mnasoma haya mambo?"

Na nyie huko.

Sikumjibu. Mdomo ulikuwa mkavu. Majibu yote yalinijia nikiwa kwenye boda, upepo unanipiga, namjibu kwa sauti mpaka dereva akageuka kuuliza kama nimesema kushoto. Nilitaka kumwambia kwamba wamisionari wa Ndanda, mkoani kwetu hapa, wana mtambo wa kuchapa vitabu vya Kiswahili, na pengine cha kwanza kilichomfundisha bibi yake kusali kilitoka huko huko. Nilitaka kumuuliza kama amewahi kutazama kinyago cha shetani cha Kimakonde, jicho moja, mdomo tumboni, halafu aniambie nani amfundishe nani mambo ya fantasia. Na kama ni mazimwi, sisi tumeyatoa ardhini kwa majembe: yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, wa Tendaguru, Lindi, aliyechimbwa na Wajerumani kuanzia 1909, leo amesimama Berlin, urefu zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni. Kichwa kingepita juu ya duka lako, kaka. Nyie huko!

Nimepumua. Twende.

Ila hata hilo la Mtwara ningelimeza. Tumezoea, mtu wa kusini huambiwa mengi. Lililonikaa kooni ni "anza na hicho hicho". Huku tuna kangomba, watu wanaomwendea mkulima kabla ya mnada wakamchotea korosho kwa kopo lao na kwa bei yao. Ni wizi, lakini mwisho wa siku mkulima anajua ameibiwa kilo ngapi, hata mimi naweza kumpigia hesabu. Huyu kijana amenipiga kangomba ya kitu kisichopimwa. Angenitumia sukari badala ya chumvi ningerudisha. Siri ukishaambiwa unairudishaje?

Fedha nazo hawakurudisha, mkitaka kujua. "Tukipata cha kwanza tutakushtua." Basi.

Kitabu nikakiweka juu ya friji, uso chini. Kikakaa wiki, mbili, sikumbuki. Mdogo wangu tunayekaa naye akaniuliza kimenikosea nini, mbona nakipita kama mtu niliyegombana naye. Nikamwambia nimegombana naye kweli.

Halafu usiku mmoja umeme ukakatika, joto lile la Machi, usingizi hauji, simu imezima. Nikawasha taa ya kuchaji. Nikasema nione tu maandishi yake, kama yana ukubwa wa kusomeka. Nusu ukurasa.

Kitabu kile kinamwita mama wa hadithi "wewe". Wewe umefanya hivi, wewe unamjua fulani, wewe unakumbuka yaliyotokea. Mimi sikumbuki lolote! Ni kama kuingia kwenye msiba wa watu na kila mtu anakukumbatia kwa jina. Mwandishi ananisemesha sawasawa na yule kijana wa duka, kama ninayepaswa kuwa najua. Nikakasirika, nikafungua ukurasa mwingine ili nikasirike vizuri. Hapo nikamkuta binti, Nassun, yuko njiani na baba aliyemuua mdogo wake, anapima kila neno kabla ya kulitoa, anajifunza kumpenda baba yake kwa hesabu ili asimuue na yeye. Nikaacha kukasirika. Nikaacha hata kusikia mbu.

Na ndiyo, siri ya kitabu cha kwanza nikaipita humo humo, imelazwa peupe kama jambo ambalo kila mtu analijua. Nikasema "ah". Basi. Hiyo ndiyo sauti niliyoitoa.

Niliposikia adhana nilikuwa nimepita nusu. Mtwara kuchele, kama tunavyosema, yaani kumekucha, nami sijafumba jicho. Nilikwenda kazini macho mekundu, furaha imenijaa. Niliyeshindwa kumaliza kurasa nne nilikuwa nimekula kitabu kizima kufikia Jumamosi, na tangu hapo sijasimama, nimeshavirudia hata vile vilivyonishinda na viwili nimevimaliza.

Sasa niwahukumu vipi hawa watu? Kama wangeniletea cha kwanza, ningesoma? Kile nacho nilichokuja kukisoma baadaye kinaanza polepole, kina mambo mengi ya kushika, na mimi wa wakati ule ukurasa wa nne ulikuwa mlima. Huenda hasira ndiyo iliyonisukuma. Huenda kijana alikuwa sahihi, huko mbele niliel... hapana. Sitaki kulimalizia neno hilo. Aliotea. Mwenye kuotea hapewi sifa ya mganga.

Nilikuwa tayari kuwasamehe, kusema kweli. Cha kwanza walipokipata walinishtua kama walivyoahidi, nikanunua, kwa bei kamili, nikakisoma nikiwa najua kila kitu. Kina utamu wake. Unamwona mwandishi anavyokuficha, anaweka jani hapa, fundo pale, unamcheka kidogo na kumheshimu sana. Nikajiambia labda sikukosa kitu.

Kisha nikampa mdogo wangu. Hasomi sana huyo. Siku tatu, nne, kimya chumbani kwake. Jumapili mchana nakuna nazi uani, nasikia mlango umepigwa teke. Anatoka mbio, kanga inamdondoka, kidole kimebanwa katikati ya kitabu. "Dada! Dada, kumbe ni..." Akashindwa kumaliza. Akakaa chini kwenye mchanga. Akafunua kurasa za nyuma, akarudi mbele, akashika kichwa. "Kumbe muda wote!" Anacheka na machozi yanamtoka. Akaniangalia akingoja nami nicheke, akauliza, "Wewe ulipofika hapa ulifanyaje?"

Nikasema nilishangaa sana.

Nikaendelea kukuna nazi.

Kwa hiyo nawarudisha pale pale. Msinunue kwao. Au mnunue, bei yao ina nafuu na vitabu vinafika havijakunjika, lakini mtakeni wapige picha ya kitabu chenyewe kabla hakijaingia kwenye boksi, jalada lionekane, kabla hujatuma hata mia. Na kama ni hadithi ya vitabu vitatu, ulizeni kila kimoja kwa jina lake, msiseme "cha kwanza", kwao neno hilo halina maana. Akiwauliza kama nanyi huko mnasoma, mwambieni mmetumwa na dada wa Mtwara.

Mimi kimebaki cha tatu, The Stone Sky. Nimetafuta kwa wengine wawili, hawana. Nimewaandikia wao juzi. Alipokea yule yule, akanitambua, "Dada wa majini!" Nikamwambia jina mara mbili, nikamwambia nitumie picha kwanza. Akanitumia haraka, hata dakika tano hazikufika: kitabu kimeshikwa vizuri mkononi, mwanga mzuri, na kidole gumba chake kimelala kabisa juu ya jina.

Nimeshatuma hela.