Taa ya vifaranga: anza na holda, balbu baadaye

Kwa siku mbili bruda yangu, pale ninapowapa vifaranga joto la taa, ilinuka samaki, na mimi nikailaumu dagaa ya kwenye chakula chao.

Ilikuwa Juni mwaka jana, hapa Mafinga, na anayeijua Mafinga ya Juni anajua baridi ninayoisema. Vifaranga 200 wa Sasso, aina ya kuku chotara, walikuwa na siku sita. Niliposikia ile harufu nilimpigia aliyenisagia chakula nikamwambia amezidisha dagaa. Nikabadili chakula, harufu ikabaki. Usiku wa pili, saa tisa, holda ya plastiki, yaani kile kikombe balbu inamofungwa, iliyoshika taa ya wati 250 ililainika, ikaachia, balbu ikaangukia maranda. Hakukuwa na moto mkubwa. Maranda yalifukuta tu, lakini moshi ulitosha. Asubuhi nilizika vifaranga 143.

Plastiki ya vifaa vya umeme ikipata joto la kupita kiasi hutoa harufu inayofanana sana na samaki. Fundi umeme mzoefu analijua hilo. Sisi wafugaji tunachelewa kuishtukia kwa sababu banda linanuka dagaa siku zote. Basi ukisikia samaki usawa wa kichwa chako, wakati chini kwenye vyombo vya chakula hakuna jipya, zima taa kwanza, maswali baadaye.

Nilipoisimulia habari hii, mfugaji mmoja wa Njombe alinitumia picha ya holda yake iliyobabuka rangi ya kahawia pembeni. "Dada, hii bado inafaa?" Haifai. Wengine wanne wakaleta picha zinazofanana, na ndiyo sababu ya mwongozo huu.

Mambo ya nyuzi joto sitayarefusha, kila mwuza vifaranga anakupa hata kama hujamuuliza: 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha unashusha kama nyuzi 3 kila wiki mpaka manyoya yaote. Wakilundikana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia pembeni na kuachama midomo wana joto, wakibanana upande mmoja kuna upepo unaingia. Kinachonishughulisha ni kile kinachoishika taa.

Kwa nini holda

Fundi niliyemwita baada ya msiba ule alikagua waya akasema uko sawa. Alisema kweli. Wati 250 kwenye umeme wetu wa volti 230 ni zaidi kidogo ya ampea 1, mzigo ambao hata waya mwembamba unaubeba. Ndiyo maana tunatulia: swichi haipati moto, plagi haipati moto, tunaona kila kitu salama. Lakini umeme unaopita ndani ya holda hauna shida nayo. Shida ni joto la balbu lenyewe. Balbu inaning'inia kichwa chini, joto linapanda, na kitu cha kwanza juu yake ni holda. Usiku na mchana, wiki nne mfululizo. Taa ya sebuleni inazimwa mkienda kulala, ya vifaranga haizimwi.

Ukiweka kofia ya bati isiyo na matundu juu, umeongeza ubaya, kwani joto linajikusanya pale pale shingoni pa balbu. Seti nyingi za bei ndogo zimetengenezwa hivyo. Geuza kofia uitazame kwa juu: kama huoni matundu yanayozunguka shingo, iache dukani.

Holda unayoitaka ni ya kauri, nyeupe, ile ambayo ukiigonga kwa ukucha inalia kama kikombe cha chai. Ya plastiki inatoa mlio mfu. Usiridhike na rangi, maana zipo plastiki nyeupe pia. Soma maandishi: holda nzuri ina herufi T ikifuatiwa na namba, yaani joto ambalo imetengenezwa kulistahimili. Nyingine zimeandikwa kabisa kiwango cha juu ni wati 60, halafu duka linazifungasha pamoja na balbu ya 250. Nimeishika seti ya namna hiyo kwa mikono yangu.

Chukua ya skrubu, siyo ya pini. Pini mbili ndogo zinazoshikiliwa na springi siziamini na balbu nzito yenye joto hivyo.

Waya nao unahusika. Waya wa kawaida umevikwa plastiki inayostahimili nyuzi 70 hivi, na karibu na shingo ya balbu joto linazidi hapo. Kipande cha mwisho kinachoingia kwenye holda kiwe waya wa silikoni, au ule wa pasi uliovikwa kitambaa. Na taa isining'inizwe kwa waya wake, kamwe. Ining'inize kwa mnyororo, sentimita 45 hadi 60 kutoka kwenye maranda, halafu funga mnyororo wa pili uliofungiwa mahali pengine kabisa kwenye kenchi, ili wa kwanza ukikatika taa isifike chini. Kwenye mdomo wa kofia weka wavu wa chuma. Ule usiku ningekuwa na wavu, balbu isingegusa maranda.

Ninachokipa nafasi ya kwanza

Balbu nyekundu ya Philips, ile ya kioo kigumu kinene, wati 175, kwenye holda ya kauri. Nimeipenda, na sitajifanya nazilinganisha zote kwa usawa. Balbu ya kioo chembamba ikidondokewa na maji kutoka mikononi mwako wakati unabadilisha chombo cha kunyweshea, inapasuka. Hii ya kioo kigumu inavumilia. Tena wati 175 zake zinanitosha pale nilipokuwa nawasha 250, kwa sababu kioo chake kinaelekeza joto chini vizuri zaidi.

Piga hesabu ya LUKU. Wati 250 saa 24 ni uniti 6 kwa siku. Wati 175 ni uniti 4.2. Kwa siku 28 umebakiza uniti 50 na ushee. Walio kwenye tarifu ya nafuu ya uniti 75 kwa mwezi, taa moja ya 250 inazimaliza zote kwa siku 12 na nusu, bado hujachemsha maji wala kuwasha redio.

Nyekundu inapunguza kudonoana. Balbu nyeupe inafanya vifaranga waone kila kidonda.

Feki za Philips zipo, na zipo balbu nyekundu za LED ambazo hazitoi joto la maana ila zinauzwa kama taa za vifaranga. Njia ninayotumia kuhakiki ni mita ya umeme. Zima kila kitu ndani ya nyumba, acha taa hiyo peke yake, kisha tazama kitaa chekundu kinachomweka kwenye mita. Kama mita imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani inamweka mara 1000 kwa kila uniti, wati 250 zinamweka kama mara 4 kwa dakika, na wati 175 zinamweka kama mara 3. Nimewahi kununua ya "250" iliyomweka mara 2. Niliirudisha siku hiyo hiyo.

Ya pili: gesi

Kwa anayelea vifaranga 500 na kuendelea, au anayekaa kijiji ambacho umeme unakatika mara tatu kwa usiku, gesi ina maana. Hita za gesi za Gasolec ya Uholanzi ndizo nilizoziona kwenye mabanda makubwa. Kitu cha kuangalia hapo ni kifaa cha usalama kinachofunga gesi moto ukizimika. Kijaribu mbele ya muuzaji: washa, acha ipate joto, zima moto wake kwa kuupuliza bila kufunga kitungi, kisha sikiliza. Ndani ya dakika moja au mbili usikie "ka" na gesi ikome. Isipokoma, usiipeleke kwenye banda lenye watoto wa kuku wala watoto wa watu. Banda liwe na mahali pa hewa kutokea kwa juu, hata kama baridi inakutisha.

Ya tatu: sahani ya joto

Ni meza fupi yenye miguu, vifaranga wanaingia chini yake kama wanavyoingia chini ya mama yao. Brinsea ya Uingereza wanazitengeneza. Haina balbu ya kudondoka, inakula umeme kidogo sana, na kwa usalama ndiyo ingekuwa ya kwanza kwangu. Lakini inachukua vifaranga wachache, madukani kwetu sijaiona, na watengenezaji wenyewe wanaonya isitumike chumba kikishuka chini ya nyuzi 10. Usiku wa Julai hapa kwetu unashuka. Wa Dar na Tanga mwenye vifaranga 20 aifikirie.

Zilizobaki

Jiko la mkaa wengi tumelelewa nalo na tumelelea nalo, na pasipo umeme mtu hana namna. Ila mkaa hata ukiwaka mwekundu bila moshi unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua vifaranga na inamwua pia mama anayelala bandani kuwalinda. Acha dirisha la juu wazi na usilale humo.

Balbu za kawaida za wati 100: kwa vifaranga kumi ndani ya boksi, sawa.

Kasha la nyasi kavu, ambalo wafugaji wa Kenya wanalitumia sana, halina moto wala umeme. Vifaranga wanapashana joto wenyewe na nyasi zinalizuia lisitoke. Mimi ninalo moja la vifaranga 50 kwa ajili ya usiku umeme ukikatika, na limeniokoa mara mbili.

Kuhusu wauzaji

Nilirudi kwenye duka lililoniuzia ile seti. Nilibeba holda iliyoyeyuka kwenye mfuko. Kijana wa dukani aliitazama akasema, "Mama, hiyo umeining'iniza vibaya." Nikamwonyesha maandishi ya wati 60 yaliyobaki upande usioungua. Akaninyooshea kidole kibao cha ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Risiti ya EFD sikuwa nayo, kwa sababu siku ya kununua waliniambia mashine ni mbovu.

Tofauti ya bei kati ya holda ya plastiki na ya kauri haifiki bei ya vifaranga wawili wa siku moja. Wawili! Muuzaji angeniuliza tu "unawasha kwa muda gani?" ningeilipa papo hapo. Badala yake wanafungasha kofia, holda, waya na balbu kwenye nailoni moja, wanaandika "seti kamili ya bruda", nasi tunaamini kwamba aliyezifungasha amezipima pamoja. Balbu ina nembo ya TBS, holda haina hata jina la kiwanda.

Na ukikaribia Oktoba, kila mtu anapoingiza vifaranga vya kuuza Krismasi, seti hizo hizo zinapanda bei.

Wiki iliyopita nilipita pale tena kununua madini ya kuku. Zinaning'inia mlangoni, nimehesabu kumi na moja, zote za plastiki.