Mdila wa moka wa vikombe 3: espreso ya jina tu

Boksi la mdila likisema "espreso" (kahawa nzito inayokamuliwa kwa shinikizo kubwa), usilichukulie neno kwa neno. Mdila huu, ulioanza kutengenezwa na kampuni ya Bialetti huko Italia mwaka 1933, huwekwa jikoni, na mvuke husukuma maji ya chini yapite kwenye kahawa hadi juu, kwa shinikizo la bari 1 hadi 2 hivi. Mashine ya espreso hutumia kama 9. Ndiyo maana hupati krema, lile povu la hudhurungi juu. Hata hivyo kahawa yake ni nzito, na aliyezoea kahawa chungu ya Pwani hatashtuka. Vikombe 3 vyenyewe ni vidogo, kama mililita 50 kila kimoja.

Tia maji ya moto kwenye sehemu ya chini, yaishie chini ya valvu, kile kitundu cha usalama cha kutolea mvuke. Kahawa gramu 15 hivi, isiwe laini kama unga, isawazishe tu. Ukiishindilia, maji yatakwama na mvuke utatokea kwenye valvu. Moto uwe mdogo. Ikianza kukoroma, epua papo hapo, la sivyo itakuwa na ladha ya kuungua. Mvuke ukivuja kwenye maungio, badilisha mpira unaoziba hapo.

Hapo menyu ya mgahawani inaanza kueleweka. Kwenye kahawa hii nzito ongeza maji ya moto, ni amerikano. Doa la maziwa, makiato. Maziwa mengi na povu jembamba, late. Povu nene, kapuchino. (Italia ukiagiza "latte" peke yake utaletewa glasi ya maziwa.) Povu lenyewe mdila hauliwezi, nunua kipiga povu. Na wa alumini haushiki kwenye jiko la induksheni, lile linalopasha chombo kwa nguvu ya sumaku. Huko chukua wa chuma cha pua kinachonasa sumaku.