Plastiki ya kusinyaa kwa ajili ya hereni za maua ya Kitulo, uzoefu wangu

Jamani hii plastiki inayosinyaa kwenye moto naitumia toka mwezi wa pili. Unaprinti picha, unakata, unaweka kwenye oveni, inatoka ndogo na ngumu kama kifungo cha koti. Mimi niko Uyole, nilipanda Kitulo na simu tu nikapiga maua mpaka chaji ikaisha, okidi za kila aina na yale marefu mekundu juu njano chini. Kule kuchuma hairuhusiwi, ni hifadhi ya taifa toka 2005, na okidi zimeshachimbwa sana viazi vyake vya kutengenezea chakula kinaitwa chikanda, yaani roho inauma, ndo maana wazo la kuvaa ua sikioni bila kung'oa kitu lilinikaa.

Niliagiza karatasi kumi za A4 Dar zikaja na basi. Muuzaji hakusema kama zinataka printa ya wino wa maji tu!! Nikapeleka steshonari moja wanatumia ya tona, ile ndani ina joto kali, karatasi ikajikunja ikakwama humo humo. Kijana wa pale simlaumu, ila muuzaji alitakiwa aniambie.

Nikapata printa ya wino, nikaprinti picha kama ilivyo, ikatoka nzuri kabisa, kuingia kwenye oveni okidi ya pinki ikawa zambarau karibu na nyeusi. Nilikaa nayo siku mbili nikaelewa: kipande cha sentimita 10 kinabaki kama 4 na nusu, wino wote uleule unabanana hapo, lazima rangi ikolee. Sasa hivi kwenye simu naipausha picha kwanza mpaka inaonekana kama imefifia na jua, karibu nusu ya rangi yake, ndo naprinti. Hapo ua linarudi kama nilivyoliona, hadi mishipa ya petali unaihesabu, nilifurahi sana siku hiyo.

Tundu toboa kabla ya kuchoma na ile ya kutobolea mafaili, baadaye haitoboki, na kona zikate mviringo zisichome shingo. Oveni naweka nyuzi 160, dakika mbili tatu, dirisha wazi. Itajikunja mpaka uhisi imeharibika, usiiguse, itajinyoosha yenyewe, ikitoka ikandamize na kitabu ikiwa bado ya moto. Umeme ulikatika katikati mara moja, nikairudisha jioni ikamalizia vizuri tu.

Vanishi ya kupulizia usiache, wino unachuruzika na kwa mvua za huku Mbeya utabaki na hereni nyeupe.

Plastiki yenyewe naipa nne kwa tano, moja nimetoa kwa hayo maelezo ambayo hayapo. Nimebakiwa na karatasi mbili, nazitunza mpaka Desemba maua yaanze tena.