Uzi wa bluu umeniishia, muuzaji ananiambia sijui kushona

Nilinunua pakiti ya kutarizi picha kwa misalaba, yenye kitambaa, sindano, nyuzi na karatasi ya maelekezo. Kitambaa hakina kosa, tuanze na hilo. Ni Aida, kitambaa cha matundu cha kutarizia, ya 14, yaani misalaba 14 kwa inchi, matundu yamekaa sawasawa, sindano butu haichomi kidole. Nilikuwa nimeiacha tarizi miaka mingi sana, nikadhani mkono umesahau. Wapi! Mstari wa kwanza tu mkono ukaanza kwenda wenyewe: mshono wa chini, rudi na wa juu, na wa juu wote ulalie upande mmoja. Furaha niliyoipata siwezi kuieleza.

Sasa njooni kwenye nyuzi. Zimefungwa kwenye kadi, hazina namba, ni alama tu: pembetatu, nyota, duara lenye nukta. Kuna bluu mbili zinafanana kama mapacha. Ukizitazama usiku kwenye taa huwezi kuzitenganisha. Ile hafifu ya anga ikaisha, na juu kabisa ya picha pamebaki mstari mtupu, mweupe, ukingoni. Nilitumia nyuzi mbili kati ya zile sita nyembamba zinazounda uzi mmoja, kama karatasi yao wenyewe inavyosema, na nyuma sikuacha mikia mirefu.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu. Jibu: "Dada, huo uzi unatosha. Wanaoishiwa ni wasiojua kushona. Tafuta unaofanana."

Unaofanana na upi? Uzi wa DMC, ile chapa ya nyuzi ambayo kila rangi ina namba yake, ukikuishia unataja namba, basi. 310 ni nyeusi popote uendako. Huu wangu nitautaja vipi dukani, "naomba pembetatu"? Na huyo aliyenijibu sidhani kama amewahi kushika sindano maishani.

Nikapata bluu ya kubahatisha. Mchana, karibu na dirisha, mstari unaonekana kabisa, anga imekatika vipande viwili. Mgeni hataona. Mimi naona kila nikipita.

Nyota moja, na hiyo ni ya kitambaa. Haya, ziwe mbili, maana jana nimekaa na fremu mpaka usiku wa manane bila kukumbuka simu, na kazi yenyewe, ukiondoa anga, imependeza kuliko nilivyotarajia. Pengine hata tatu kwa mtu anayeanza...

Hapana. Nimelisoma tena lile jibu la "dada". Moja. Na kadi ya nyuzi ikija bila namba, rudisheni kabla hamjakata hata uzi mmoja.