Dasatinibu na kwasetini, au fisetini: ipi kwa kinga ya mzee?

Seli zee zimeacha kugawanyika lakini zinakataa kufa. Hukaa mwilini zikimwaga kemikali za uvimbe zinazochosha kinga. Dawa gani inazifagia vizuri zaidi: jozi ya dasatinibu (dawa ya saratani) na kwasetini (kemikali ya mimea), au fisetini, nayo kemikali ya mimea?

Kwa ushahidi wa binadamu, dasatinibu na kwasetini zimetangulia. Katika jaribio lililotoka 2019, wagonjwa 14 wenye makovu ya mapafu walizimeza siku 3 kwa wiki, wiki 3, na mwendo wao ukaongezeka kasi. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo tusishangilie mno.

Fisetini iling'aa 2021: panya wazee walioambukizwa virusi vya korona vya panya walikufa wachache zaidi, na kingamwili zao zikaongezeka. Ile jozi nayo ilipunguza vifo. Ila mpango wa Marekani wa kupima dawa za uzee haukuona fisetini ikirefusha maisha ya panya.

Kwa usalama, dasatinibu ni dawa ya saratani ya damu: hushusha chembe sahani (zinazogandisha damu), hujaza maji kifuani na hufungulia maambukizi mlango. Fisetini ni nyepesi na rahisi kupatikana, lakini hufyonzwa kidogo. (Stroberi, ambazo zina fisetini? Dozi ya majaribio ya mtu wa kilo 60 ingedai kilo 7 na nusu hivi.)

Mgonjwa wa mapafu aliye kwenye jaribio lenye madaktari ana sababu ya kuijaribu jozi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiguse chochote kabla ya kumwona daktari. Mzee mzima wa afya? Mimi ningeanza na chanjo ya mafua.