PHP 5.6 hadi 8: vilivyofutwa havikunisumbua

Mfumo wa duka la spea ninaoutunza uliandikwa na mtu mwingine enzi za toleo la 5.6 la PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, ukabaki hapo hapo hata baada ya toleo hilo kuacha kupata marekebisho ya usalama mwishoni mwa 2018. Kampuni inayotuhifadhia tovuti ilipotangaza kuwa inazima matoleo ya zamani, nikaupandisha hadi 8.

Wengi huogopa vilivyofutwa kwenye lugha yenyewe. Mimi hapo sina neno. Zile fanksheni za mysql_ (za kuwasiliana na hifadhidata) zilizojaa kila faili ziliondolewa kwenye 7.0 mwaka 2015, lakini onyo lilianza kutoka tangu 5.5, mwaka 2013, na mbadala wake, mysqli na PDO, ulikuwepo muda mrefu kabla ya hapo. each(), ya kupitia orodha kipengele kimoja kimoja, nayo ilitolewa onyo kwenye 7.2, ikafutwa 8.0. Ukiita kitu kisichokuwepo, programu inasimama na kukutajia faili na mstari. Niliendesha PHPCompatibility, zana ya kukagua msimbo usioendana na toleo jipya, nikapata orodha, nikaishughulikia mstari kwa mstari. Inachosha, ila haina fumbo.

Balaa lilikuwa kwenye risiti. Kila mteja, hata asiyepunguziwa bei, alipewa risiti yenye mstari wa "Punguzo:" na mbele yake patupu. Logi, yaani kumbukumbu za makosa, safi kabisa! Chanzo ni hiki: if ($punguzo != 0), yaani "kama punguzo si sawa na sifuri", lichapwe. Karani akiacha kisanduku wazi, fomu inatuma maandishi matupu, na zamani PHP iliyahesabu sawa na sifuri. Kuanzia 8.0 si sawa tena.

Kanuni mpya ndiyo yenye akili, sibishi; ile ya zamani ilidai hata 0 == "abc" (sifuri ni sawa na "abc") ni kweli. Lakini kama ni lazima kuvunja mifumo ya watu, afadhali ivunjike kwa kelele. Ningetaka toleo moja la katikati litoe onyo kila ulinganisho unapokaribia kubadili jibu, kama walivyofanya kwa each(). 

PHP 8 naipa nyota 4 kati ya 5. Ukitaka kupandisha mfumo mkongwe, anza kwa kusaka kila == 0 na != 0 inayogusa data ya fomu, uigeuze data hiyo kuwa namba kwa (int), au (float) kama kuna senti.