Nguo za kaskazi, masika na kipupwe kwa laki moja na nusu: uanzie wapi kununua

Januari na Februari Dar es Salaam inagonga nyuzi 32 na shati linalowa kabla hujafika kituoni. Machi hadi Mei ni masika, matope na madimbwi. Juni hadi Agosti kipupwe kinaingia, alfajiri inashuka hadi nyuzi 19 au 20, na abiria wa mwendokasi wa saa kumi na mbili asubuhi wamejikunyata. Kisha vuli, Oktoba hadi Desemba. Na ukifanya kazi ofisini, kiyoyozi kinakuletea kipupwe kila siku ya mwaka. Wengi tunaikimbiza kila hali kwa manunuzi mapya, hela inakwisha, na asubuhi bado tunasimama mbele ya kabati tukisema hatuna cha kuvaa.

Nimezipanga sehemu tano za kununulia, kuanzia ninayoipendekeza kwa moyo wote. Kipimo changu ni kimoja: nguo itavaliwa mara ngapi kabla haijachakaa. Gauni la 60,000 lililovaliwa kwenye harusi mbili limekula 30,000 kila mara. Kadeti ya mtumba ya 8,000, ukaongeza 3,000 za fundi, ukaivaa mara mbili kwa wiki mwaka mzima, kila uvaaji unakugharimu shilingi mia na kidogo tu. Bei ninazotaja ni za makadirio ya mwenda sokoni. Msimu, mtaa na ulimi wako vitazisogeza juu au chini.

Jambo la kwanza kabisa, kabla hujatoka nyumbani: tenga hela ya fundi cherehani. Watu hununua nguo kwanza, na kama kuna salio ndipo wanamkumbuka fundi. Mimi nasema geuza. Kwenye 150,000, weka pembeni 40,000 za fundi na usiziguse. Halafu 50,000 za mitumba, 20,000 za kitambaa, 25,000 za viatu, na 15,000 za nguo za ndani na soksi mpya. Nguo ya bei rahisi iliyokukaa vizuri mabegani na kiunoni inapendeza kuliko ya bei mbaya inayoning'inia.

Nafasi ya kwanza: mtumba wa kuchagua

Karume pale Ilala, Manzese, Tandika. Mwanza wana Mlango Mmoja, Moshi wana Memorial. Ndugu zetu wa Nairobi wana Gikomba na Toi, Kampala wana Owino. Hakuna mahali pengine ambapo elfu tano inakupatia shati la pamba nzito lenye mishono iliyonyooka.

Saa ya kwenda ni uamuzi wa pesa. Asubuhi belo likifunguliwa, wenye maduka na wauzaji wa mtandaoni wanakuwa wameshasimama pale wakichomoa zile kali, na bei iko juu. Mchana ukisogea, zilizobaki zinamwagwa chini, buku, buku mbili, mia tano. Kama unatafuta koti la ofisini au suruali ya kitambaa, wahi asubuhi na ulipe. Kama unatafuta fulana, blauzi za kawaida au sketi za kushindia nyumbani, nenda alasiri na uiname.

Mkono ushike kabla jicho halijapenda. Lebo ya ndani ikiandika cotton ni pamba, linen ni kitani, wool ni sufu. Kwa joto la pwani tafuta pamba, kitani na reyoni. Poliesta tupu inashika jasho na harufu. Lebo imekatwa? Chomoa uzi mmoja kwenye pindo na uuchome ukifika nyumbani: pamba inanuka kama karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ukifanya hivyo mara tatu nne, vidole vyako vitajifunza tofauti na hutahitaji kiberiti tena.

Kisha inua nguo uielekeze kwenye jua. Matundu yanajionyesha yenyewe. Kagua kwapa, ukosi, na katikati ya mapaja ya suruali, maana hapo ndipo kitambaa huisha kwanza. Funga na ufungue zipu mara tatu. Kifungo kilichopotea kisikutishe, ila zipu ya koti iliyokufa ni gharama, ihesabu kwenye bei.

Chumba cha kujaribia hakipo, kwa hiyo nenda na futikamba. Vipimo vya lebo vinachanganya: 12 ya Uingereza ni takriban 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya. Kwa suruali, akina mama wa Karume watakuonyesha njia ya zamani: zungusha kiuno cha suruali, ikiwa imefungwa, shingoni mwako. Ncha zikikutana nyuma bila kuvuta, itakutosha kiunoni. Nimeitumia miaka mingi na imeniangusha mara chache sana, hasa kwenye nguo za kuvutika.

Kwenye bei, salimia kwanza. "Mama, shikamoo, hii mwisho ngapi?" inafungua mlango kuliko kuanza kuiponda nguo yake. Chukua tatu kwa muuzaji mmoja ndipo uombe akupunguzie.

Kitu kimoja usinunue mtumba: nguo za ndani. Tanzania imezipiga marufuku, TBS, shirika la viwango, wanazisaka, na ni sahihi kwa afya yako. Nyingine zote loweka kwa sabuni na maji ya moto kadiri kitambaa kinavyohimili, anika juani, piga pasi ndipo uvae.

Sasa mpelekee fundi. Kupunguza ubavu wa shati, kukunja pindo la suruali, kugeuza gauni refu la kizamani kuwa sketi. Hapa ndipo zile 40,000 zinapoleta tofauti ambayo kila mtu ataiona bila kujua imetoka wapi.

Nafasi ya pili: kitambaa na cherehani

Ningetamani kuiweka ya kwanza. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni ifikapo 2019 ili viwanda vyetu vya nguo viinuke. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia upande wa mavazi nafuu ya AGOA, mpango wa kuingiza bidhaa za Afrika Marekani bila ushuru. Wengine tukarudi nyuma. Ukipita Ubungo mbele ya kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China, unaelewa kwa nini suala hili linauma. Kwa hiyo sehemu ya bajeti yangu lazima iende kwa fundi wa mtaani na kitambaa ninachokichagua mwenyewe. Bei tu ndiyo iliyoishusha nafasi moja: ukijumlisha kitambaa na ushonaji, nguo moja hufikia nne za mtumba.

Maduka ya vitenge na khanga yamejipanga Mtaa wa Uhuru. Kitenge cha yadi sita kinatoa gauni na mabaki ya blauzi, au sketi mbili na kilemba. Geuza kitambaa: cha wax halisi rangi inakaribia kufanana pande zote mbili, cha kuchapwa juu juu upande wa nyuma umefifia. Kiloweke usiku mzima kabla ya kumpelekea fundi, kwa sababu pamba husinyaa, na gauni likisinyaa baada ya kushonwa hakuna wa kulirudisha. Mimi lilinitokea, gauni la kipaimara cha mtoto wa dada yangu, na nilililia.

Chagua nakshi moja yenye rangi mbili ambazo tayari ziko kwenye mitumba yako. Nakshi tano tofauti kabatini hazivaliani. Kitenge kimoja cha buluu na haradali kitashikana na kadeti ya kaki, suruali nyeusi na blauzi nyeupe.

Na usidharau doti ya khanga. Pande moja fundi akushonee blauzi pana ya kaskazi. La pili likae kwenye mkoba. Masika ni la kujifunika, kipupwe ni la mabegani kwenye basi, ofisini ni la kukukinga na kiyoyozi. Sijaona vazi jingine linalofanya kazi kwenye misimu yote minne.

Nafasi ya tatu: spesho za Kariakoo

Nguo mpya zinafaa pale ambapo mtumba haufai: soksi, sidiria, fulana nyeupe za ndani, skintaiti, na shati jeupe la usaili ambalo haliruhusiwi kuwa na doa. Mtaa wa Kongo una kila kitu. Winga akikushika mkono, mwambie kwa upole unajua unakokwenda. Anayekupeleka dukani analipwa, na malipo hayo yako ndani ya bei yako. Vuta kitambaa kwenye mshono wa bega. Ukiona uzi unaachia mwanga, rudisha. Uliza bei ya jumla hata kwa vipande vitatu, na ungana na mwenzako mgawane.

Nafasi ya nne: wauzaji wa Instagram

Wengi wao walikuwa Karume asubuhi ileile, wakafua, wakapiga pasi na picha nzuri. Hiyo ni kazi halali na kwa mtu asiye na muda inafaa kulipiwa. Omba vipimo kwa inchi, kifua, kiuno na urefu, na video ya mchana karibu na dirisha, si picha ya taa. Lipa ukishaipokea. Anayekataa kabisa kulipwa baada ya kukuletea, mwache.

Nafasi ya tano: maduka ya mall

Viatu vya ngozi vya kazini, labda, na wakati wa punguzo. Basi.

Ninachokinunua, kwa mpangilio

Rangi tatu tu za msingi: nyeusi au buluu iliyokolea, kaki, nyeupe. Suruali mbili na sketi moja, halafu blauzi au mashati matano. Hapo una mavazi kumi na matano. Ongeza koti jepesi la mtumba na idadi inakuwa thelathini, maana kila moja linavaliwa likiwa na koti au bila. Gauni moja la kitenge kwa Jumapili na sherehe. Kwa masika, sketi isivuke katikati ya shavu la mguu, na raba au moka za ngozi bandia zinazofutika kwa kitambaa. Raba za turubai zikilowa hazikauki siku mbili.

Wasafiri wa nyanda za juu, msijitayarishe kwa kipupwe cha Dar. Njombe na Makete mwezi wa saba sakitu huonekana kwenye nyasi alfajiri. Niliwahi kwenda huko na sweta ya akriliki niliyoipendea rangi, upepo ukapita kana kwamba nimevaa chandarua. Tafuta sufu, hata kama sweta ni ya kijivu na ina kiraka kwenye kiwiko, na vaa fulana ya pamba chini yake.

Sweta na makoti hayo yanunue Januari au Februari, Dar ikiwa inachemka na hakuna anayeyagusa. Mei yakianza kutundikwa mbele ya vibanda, bei imeshapanda. Vitenge na kazi za kushona zimalize mapema, usisubiri kumi la mwisho la Ramadhani wala wiki mbili za kabla ya Krismasi: fundi anakuwa amezikwa kwenye vitambaa vya watu, na cha kwako kitakatwa usiku wa manane kwa haraka. Agosti na Septemba foleni yake ni fupi, anakupima vizuri, na una muda wa kurudi kujaribu mara ya pili kabla hajafunga pindo.